Mwanangu hafikichi macho kwa utundu

Assalamu alaikum wapendwa wa safu hii,

Naishi Langoni, Lamu. Mwanangu wa kiume ana miaka 8. Huu ni mwaka wa pili macho yake yote mawili huwa mekundu na kumwasha vibaya. Kaskazi ikianza ndipo huzidi, lakini hata wakati wa kusi hayatulii kabisa. Akiamka, neno lake la kwanza ni "Mama, mato yaniwasha," kisha anafikicha kwa ngumi mpaka nimshike mikono. Kwenye pembe ya jicho naona ute mweupe, na nikiuvuta unatoka mrefu kama uzi. Weupe wa macho umeanza kuingia rangi ya kahawia. Siku hizi akitoka juani huinamisha kichwa na kufumba jicho moja.

Duka la dawa walitupa matone ambayo siku ya pili tu yalimwacha macho safi, kama hakuwahi kuumwa. Chupa ikiisha, baada ya wiki moja au mbili yanarudi palepale. Tangu Ramadhani tumenunua chupa nne, na sasa dukani hawaniulizi kitu, wakiniona tu wananitolea. Ya mwisho iliisha juzi. Kwenye boksi pameandikwa dexamethasone na neomycin.

Mama mkwe anasema nimtie maziwa ya jirani anayenyonyesha, na usiku nimpake wanja wa manga. Mwalimu wa chuo, yaani madrasa, amemrudisha nyumbani mara mbili akihofia ataambukiza wenziwe, kwa sababu watu hawajasahau yale macho mekundu yaliyopita Pwani mwanzoni mwa 2024. Nyumbani tuna paka wawili, punda wa jirani hufungwa chini ya dirisha la chumba anacholala mtoto, na jioni mimi hufukiza udi.

Mume wangu naye ni fundi wa nyumba, kazi yake chokaa na saruji. Macho yake hayawashi, yanachoma, na kwenye jicho la kulia upande wa pua pameota kinyama. Je, ni ugonjwa mmoja? Wameambukizana? Na mtoto aendelee kuogelea baharini au nimkataze?

Mama wa Langoni

*

Mama wa Langoni, waalaikum salaam. Pole kwa kuuguza.

Hawakuambukizana, na si ugonjwa mmoja. Kwa dalili ulizoandika, mtoto ana mzio wa macho, yaani aleji, tena wa ile aina nzito inayowapata watoto katika nchi za joto, wavulana kuliko wasichana, na huanza mara nyingi kabla ya miaka 10. Baba ana macho yaliyochoshwa na vumbi, chokaa na jua. Lakini kabla hatujafika kwa paka na punda, tuzungumze habari ya zile chupa nne, maana hapo ndipo penye hatari kubwa zaidi katika barua yako yote. Usinunue ya tano. Na mtoto aonwe na mhudumu wa macho wiki hii.

Kwanza kwa nini tunasema ni mzio. Dalili inayotangulia zote ni mwasho. Jicho lenye mzio huwasha mpaka mtoto anakosa usingizi, huwa yote mawili kwa pamoja, hutoa machozi na ute unaovutika, na huja na kwenda kwa majira au kwa mahali. Jicho lenye bakteria hutoa usaha mzito wa manjano au kijani, na asubuhi kope hugandana mpaka zioshwe ndipo zifunguke. Jicho lenye virusi huanza upande mmoja, na baada ya siku moja au mbili hufuata la pili. Machozi ni mengi kama maji, mtoto huhisi mchanga machoni, pengine ana mafua, na ukimpapasa mbele ya sikio unaweza kukuta tezi ndogo inayouma. Haya ya virusi ndiyo yanayopita mtaa kwa mtaa kama yale ya 2024. Kuna aina yake inayovujisha damu kwenye weupe wa jicho. Ilionekana kwa mara ya kwanza Ghana mwaka 1969, mwaka ule chombo cha Apollo 11 kilipotua mwezini, na Afrika Magharibi wengine wanaiita Apollo hadi leo. Mwanao hana hata moja katika hayo. Ugonjwa wa kuambukiza haukai miaka miwili ukifuata upepo.

Ile rangi ya kahawia uliyoiona ni ya kawaida katika mzio wa muda mrefu kwa watu wenye ngozi nyeusi. Si manjano ya ini, na haimaanishi damu ni chafu. Mhudumu akilitazama jicho kwa darubini huenda akaona pia uvimbe laini umelizunguka duara jeusi, wenye vitone vyeupe, na akigeuza kope la juu akakuta vinundu vimejipanga kama mawe ya sakafu. Vinundu hivyo ndivyo vinavyosugua kioo cha mbele cha jicho, yaani konea, kila mtoto anapopepesa.

Ndani ya ule utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho kuna seli zilizojaa histamini. Kitu ambacho mwili wa mtoto umekichukulia kuwa adui, iwe vumbi la godoro au ukoko wa ngozi ya paka, kikigusa hapo, seli hupasuka na kumwaga histamini, na mwasho huanza ndani ya dakika chache. Mtoto akifikicha anazipasua nyingine kwa mikono yake mwenyewe. Ndiyo maana akishaanza haachi: kila anavyofikicha anaongeza kinachomwasha. Kumgombeza hakusaidii. Saa kadhaa baadaye hufika kundi jingine la seli za damu zenye kemikali kali zaidi, na hizo ndizo huumiza konea. Kwa hiyo mtoto aliyecheza penye vumbi asubuhi anaweza kuwa hoi usiku, nawe ukatafuta sababu kwenye chakula cha jioni. Kwa macho, samaki na mayai mara nyingi husingiziwa tu. Msimnyime mtoto chakula.

Sasa chupa. Dexamethasone ni steroidi. Hutuliza mwasho wa kila aina, na haraka, ndiyo maana siku ya pili macho yalikuwa safi. Daktari wa macho huitumia pia kwa mtoto kama huyu, lakini kwa siku anazozihesabu, akipunguza matone kidogo kidogo, na akipima presha ya jicho njiani. Ikitumiwa mfululizo, chupa baada ya chupa, inaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho na kuua mshipa wa kuonea. Kwa baadhi ya watoto presha hupanda ndani ya wiki chache. Haiumi, jicho halibadiliki rangi, na mtoto hasemi kitu kwa kuwa anaanza kupoteza uoni wa pembeni. Uoni uliopotea kwa njia hiyo haurudi. Pili, steroidi huweza kuleta mtoto wa jicho hata kwa kijana mdogo. Tatu, ikiwa jicho lina kidonda cha virusi vya hepesi au cha kuvu, steroidi hukimwagia petroli. Neomycin nayo, ambayo ni ya kuua bakteria, haina kazi yoyote kwenye mzio, na kwa watu wengine huwa yenyewe ndiyo inayozua mzio: kope huwa nyekundu na ngozi yake hupukutika. Mama anaongeza dawa, kumbe dawa ndiyo inayomwasha mtoto.

Njia rahisi ya kuitambua steroidi dukani: soma jina la dawa lenyewe kwenye boksi, lile la maandishi madogo, sio jina la biashara. Karibu zote huishia kwa "sone" au "lone": dexamethasone, betamethasone, hydrocortisone, prednisolone. Ukiliona, rudisha boksi juu ya kaunta. Rudisha pia matone ya "kuondoa wekundu" yenye naphazoline au tetrahydrozoline. Hayo hubana mishipa ya damu kwa saa chache, kisha mishipa hufunguka kuliko mwanzo, na mtu hubaki anayatia kila siku kwa ajili ya wekundu ulioletwa na dawa ile ile.

Kwa kuwa chupa iliisha juzi, tarajia macho yarudie kuwaka ndani ya siku chache hizi. Usitishike ukarudi dukani. Mpeleke hospitali ya King Fahd hapo mjini, uulizie mhudumu wa macho, na uende na boksi zote ulizonazo hata kama ni tupu. Mweleze ni chupa ngapi na kwa muda gani. Hilo ndilo litakalomfanya apime presha. Omba mambo manne: presha ya kila jicho, kope la juu ligeuzwe, konea itiwe rangi ya fluoresini, ile ya manjano inayong'aa kijani chini ya mwanga wa bluu na kuonyesha kidonda hata kidogo, na uoni upimwe kwa chati, jicho moja moja. Ukiambiwa vifaa vya presha havipo siku hiyo, omba barua ya rufaa ya Mombasa, na usiikalie barua. Huku kufumba jicho juani ndiko kunakotufanya tuseme wiki hii na sio mwezi ujao, kwa sababu mzio peke yake huwasha zaidi ya kuumiza, na jicho linapoanza kuukimbia mwanga ni lazima mtu aiangalie konea.

Matone ya kumtibu mzio wenyewe yapo, na mengi yake ni salama kwa miezi. La zamani na la bei nafuu ni sodiamu kromoglikati ya asilimia 2, tone moja kila jicho mara 4 kwa siku. Huzizuia zile seli zisipasuke, lakini histamini iliyokwisha kumwagika haiigusi. Hapo ndipo wazazi wengi huiacha: wanatia siku tatu, wanaona mwasho uko vilevile, wanasema dawa ni maji. Inataka wiki moja hadi mbili ndipo ionekane, na inataka kutiwa hata siku ambazo macho ni mazuri. Anayejua kwamba kaskazi humtesa mtoto aanze mwezi mmoja kabla, usisubiri Disemba ikukute. Zilizo kali zaidi ni olopatadini ya asilimia 0.1 na ketotifeni ya asilimia 0.025, zote tone moja mara 2 kwa siku, kuanzia miaka 3. Hizi huzuia histamini na pia hutuliza seli, hivyo mtoto huona nafuu siku ile ile. Kwa mwanao sisi tungeanza na mojawapo ya hizi mbili kama mfuko unaruhusu, kwa sababu matone mara 2 mama anaweza kuyasimamia mwenyewe, asubuhi kabla ya shule na usiku, lakini ya mara 4 lazima moja litasahauliwa. Mhudumu akikuandikia steroidi ya siku chache mwanzoni ili moto uzimike, ikubali, mradi akupe na tarehe ya kurudi kupimwa presha. Piriton ya kunywa husaidia chafya na pua kuliko macho, humlaza mtoto darasani na kuyakausha macho.

Kumtia mtoto mkorofi matone kuna namna yake. Nawa mikono kwa sabuni. Mlaze chali, afumbe macho, umwekee tone kwenye pembe ya ndani karibu na pua, halafu umwambie afumbue, litaingia lenyewe. Tone moja latosha, jicho halina nafasi ya la pili, litamwagika tu shavuni. Bonyeza kwa kidole taratibu hapo pembeni karibu na pua kwa dakika moja ili dawa isiteremke kooni. Kama kuna dawa mbili, ziachane dakika 5. Ncha ya chupa isiguse kope. Andika tarehe ya kuifungua, na siku 28 zikitimia itupe hata kama imebaki nusu. Mwenye friji aiweke humo, isiwe kwenye barafu: tone baridi lenyewe hupunguza mwasho.

Baridi ni dawa nzuri kuliko watu wanavyodhani. Kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi, au vipande vya barafu vilivyofungwa ndani yake, kikandamizwe juu ya macho yaliyofumbwa dakika 5 hadi 10, kila mwasho unapopanda. Mpe mtoto hicho kitambaa badala ya kumshika mikono. Machozi bandia ya dukani, yasiyo na dawa ndani, mara 4 kwa siku au zaidi, huosha vumbi na kulipunguza. Maji ya chumvi ya kuchemsha nyumbani tusiyatie: kipimo hukosewa, na chombo huwa si safi.

Na hili la kufikicha ulichukulie kwa uzito. Ngumi ya mtoto ikisugua jicho kwa miaka, konea hulegea na kuchongoka mbele. Dalili ya kwanza huwa miwani inayobadilika kila mara na maandishi ya ubaoni yenye kivuli. Kuna mtoto ambaye mzio wake ulikwisha alipobalehe, kama unavyokwisha kwa wengi, lakini umbo la jicho likawa limeshaharibika. Mfunike jicho moja kwa kiganja chako, asome maandishi ya kalenda ukutani, kisha jicho la pili. Fanya hivyo kila mwezi.

Nyumbani, anza na kitanda. Kama analalia godoro au mto wa usufi, hapo ndipo penye shaka yetu ya kwanza, mbele ya paka. Unyevu wa pwani huwalea vijidudu vya vumbi visivyoonekana kwa macho, na kinachowasha ni kinyesi chao. Jua kali la saa kadhaa huwaua, lakini kinyesi hubaki, kwa hiyo godoro lianikwe kisha likung'utwe nje na mtu mwingine, mtoto akiwa mbali. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto ya nyuzi 60, yaani moto ambao mkono hauvumilii. Bora zaidi, mto ubadilishwe uwe wa sponji na ufungwe ndani ya mfuko wenye zipu.

Paka wa Lamu ni wenyeji kama sisi, hatuwezi kukwambia uwahamishe mji. Wasiingie chumba cha kulala, basi. Ukoko wa paka ni mwepesi na hunata ukutani na nguoni. Hata paka akiondoka, nyumba huchukua miezi kadhaa kusafika, kwa hivyo ukimtoa wiki mbili usione tofauti usiseme kwamba paka hana kosa. Punda zungumza na jirani, afungwe ukuta wa pili. Ukoko wake na vumbi la majani yake vyote vinaweza kuwa sababu, na dirisha liko juu yake usiku kucha. Akirudi kucheza, mtoto anawe uso na kope kwa maji safi, na jioni aoshwe nywele kabla hajaweka kichwa kwenye mto. Vumbi la mchana hukaa kwenye nywele likamshukia machoni akilala. Kofia yenye ukingo wa mbele kuliko barakashia, na miwani ya jua inayokumbatia uso, hupunguza mengi siku za upepo.

Udi ni jambo lingine. Moshi wa udi, wa jiko la makaa, wa dawa ya mbu ya kuchoma, hauna mzio ndani yake kwa watu wengi: unachoma jicho la kila mtu, na ukitoka nje kwa saa moja linapoa. Lakini jicho ambalo tayari lina mzio ni kama kidonda kibichi, moshi ukigusa unalipua. Chetezo kipelekwe barazani au ukumbini, mtoto asiwepo, nguo zifukizwe kisha madirisha yafunguliwe. Ukitaka kujua kwa hakika kinachomtesa ni kipi, weka daftari wiki mbili: alilala wapi, upepo ulikuwaje, alicheza na nani, mwasho ulikuwa wa 0 hadi 10. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vyote siku moja hutajua.

Kwa bi mkubwa, mwambie kwa adabu. Maziwa ya mama ni chakula kizuri cha tumbo la mtoto mchanga. Jichoni ni sukari na protini, vitu ambavyo bakteria huvipenda, na ya jirani huweza kubeba na vijidudu vya jirani. Mzio hayauondoi. Na kwa kuwa jambo hili la maziwa hufanywa zaidi kwa vichanga: mtoto wa siku 0 hadi 28 mwenye usaha machoni ni dharura ya siku ile ile. Kisonono alichokipata wakati wa kuzaliwa kinaweza kutoboa konea yake kwa siku chache.

Wanja wa manga una jambo jingine. Mwingi unaouzwa umesagwa kutoka kwenye jiwe la madini ya risasi, na vipimo vya maabara katika nchi nyingi vimeikuta risasi hiyo kwa wingi. Mtoto hufikicha jicho, hutia kidole mdomoni, risasi huingia damuni na kuidhuru akili inayokua. Anayeushikilia kwa sababu ya suna, tunamwachia mashekhe habari ya suna yenyewe, tunachosema ni kwamba kijichupa cha sokoni hakuna anayejua kilichomo. Na kijiti kimoja cha wanja kikipita macho ya nyumba nzima, kinapeleka usaha wa mmoja kwa wote.

Mume wako sasa. Kile kinyama ni utando ulioota kutoka weupe wa jicho kuelekea weusi, na mabaharia, wavuvi na mafundi ndio wateja wake wakubwa, kwa sababu ya jua, upepo na vumbi. Si saratani kwa kawaida, wala hakihitaji kukatwa upesi kama hakijaukaribia mboni. Kikikatwa ovyo huota tena kwa kasi. Miwani ya jua, kofia, machozi bandia mara 4 kwa siku, na kipimwe mara moja kwa mwaka kuona kama kinasogea.

Chokaa ndiyo inayotutia wasiwasi. Chokaa na saruji zina alkali, na alkali haikomi juu ya jicho kama asidi nyingi zifanyavyo, inaendelea kupenya. Avae miwani ya kazi iliyofunikwa pembeni, hasa anapochanganya na anapopiga lipu dari. Ikimwingia, asikimbilie boti wala hospitali kwanza: papo hapo aoshe jicho kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 30 kamili za kutazama saa, akilishikilia wazi kwa vidole na kuzungusha mboni pande zote. Maji ya bomba ni bora, lakini ya kisima yatumike kuliko kungoja. Mwenzake afunue kope la juu na la chini na kutoa vipande kwa pamba iliyoloweshwa, maana kijipande kimoja kilichobaki chini ya kope huendelea kuunguza. Asitie ndimu wala siki eti "kuikata" chokaa. Akishaosha ndipo aende hospitali, hata kama anahisi amepona. Pale kazini pawe na mtungi wa lita 20 za maji safi usioguswa kwa kuchanganyia saruji.

Mwalimu wa chuo tumwelewe, anawalinda watoto wa watu. Mwambie mzio hauambukizi, na umpelekee karatasi ya kliniki ukishaipata. Ila akitokea mtoto mwenye machozi mengi na jicho lililoanza upande mmoja, huyo akae nyumbani mpaka jicho liache kutoa maji, na hilo linaweza kufika wiki mbili. Antibiotiki haziyagusi macho ya virusi. Kitakachowasaidia wenziwe ni sabuni na maji, kwa sababu virusi hivyo havifi kirahisi kwa dawa ya mikono ya spiriti, na kila mmoja awe na taulo yake. Baada ya udhu watoto wasijifute uso kwa kikoi cha mwenzao. Macho yenye usaha wa bakteria hupona mengi ndani ya siku 7 hadi 10. Mhudumu anaweza kuandika kloramfenikoli ya asilimia 0.5 kuharakisha.

Usisubiri kliniki ya kesho ukiona maumivu makali, mwanga unaomfanya alie, doa jeupe kwenye weusi wa jicho, uoni kupungua ghafla, jicho moja tu jekundu lenye kuuma, au jicho lililochomwa na kijiti, mwiba au jani. Kidonda cha mti mara nyingi huingiza kuvu.

Kuhusu bahari: aogelee. Maji ya bahari hayaleti mzio, huchoma tu kwa chumvi, na kwa watoto wengine huosha vumbi. Avae miwani ya kuogelea, akitoka anawe macho kwa maji baridi ya bomba na atiwe machozi bandia. Asiende siku za upepo mkali wa mchanga. Na akikutwa na kidonda kwenye konea, asiguse bahari wala kisima mpaka mhudumu aseme kimefunga.